Mama wa Mazoezi

Habari ya msiba wa Mama Zuhura ilinikuta Masasi, nikiwa kwenye benchi la hospitali ya Mkomaindo nasubiri kupimwa presha. Zuhura mwenyewe, binti wa marehemu, ndiye aliyenipigia. "Tumeshamzika, dada Hilda," aliniambia. "Njoo tu ukae na sisi." Kesho yake asubuhi nikapanda gari la Newala. Nilipofika nikapewa nafasi kwenye mkeka chini ya turubai, katikati ya wanawake ambao wengi wao sikuwatambua mpaka walipofungua midomo. Mmoja, ajuza mwenye mtoto wa jicho, alinikodolea macho akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri: "Huyu si Mama wa mazoezi?" Mkeka mzima ukaangua kicheko, kile cha msibani ambacho watu hukifunika kwa kanga. "Hebu simama basi ututembelee kidogo," akasema. Nina miaka sitini na kitu na magoti yamechoka, lakini nilisimama, nikapiga hatua nne tano zile za polepole, nikainua mkono kuwapungia. Wakapiga vigelegele vya chini chini. Niliketi. Wanawake wale walinipenda, nami nilijua wananipenda kwa sababu kuna jambo moja ambalo Mama Zuhura, miaka yote ile, hakuwaambia. Tangu siku hiyo sijakaa nikatulia. Ndiyo maana naandika.

Ulikuwa mwaka ambao sabuni ilirudi madukani. Watu wa umri wangu wataelewa. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni na kibaba cha sukari, halafu ghafla kila kitu kikawa ruksa: redio, vitenge, nguo za mitumba zikimwagwa chini siku ya gulio, na wanunuzi binafsi wakipanda uwandani kwetu na magari yao kutafuta korosho. Bidhaa zilikuja, na watu wakaanza kuondoka. Kiwanda kilichokuwa kikiajiri wanawake kubangua korosho kilikuwa kimefungwa, na kila juma nilisikia fulani amehamia Dar es Salaam, fulani amekwenda Mbeya na robota la mitumba. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Newala, na nilihisi kama nimeketi kwenye kiti ambacho wenzangu wote wameshanyanyuka. Nilikuwa nimejaza fomu ya chuo cha uhazili mara mbili, sijajibiwa hata mara moja. Saa za mapumziko, badala ya kula, nilikwenda stendi kutazama malori ya Masasi yakipakia, nikarudi ofisini na vumbi jekundu kwenye soksi na hasira nisiyojua ni ya nani.

Nilipanga chumba kwa Mama Zuhura, upande wa uani. Dirisha langu lilitazama pipa la maji, na pipa lile ndilo lililotawala nyumba. Lilikuwa na mfuniko wa mbao na jiwe juu yake. Maji ya kunawia uso hayakumwagwa. Yalisubiri miguu, na ya miguu yalisubiri mchicha. Mashine iliyokuwa ikisukuma maji kutoka bondeni ilikuwa imesimama muda mrefu, leo husemwa hakuna dizeli, kesho husemwa kipuri kimeagizwa, na wanawake walikuwa wamerudia njia ya bibi zao ya kuteremka ukingo wa uwanda na kupanda tena na ndoo kichwani. Mama Zuhura alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mikono mikubwa ya mfinyanzi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliofinyanga vyungu na mitungi. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na alisoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye boksi la kiberiti. Jioni alinipakulia ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa korosho, na kiangazi kilipokolea akanichemshia ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini, tukaimenya kwa vidole na kuichovya kwenye chumvi na pilipili. "Hilida," aliniambia, maana jina langu alilitamka hivyo, "wewe unakula kama mtu anayewahi gari." Nilimjibu kwamba ndivyo nilivyo. Akasema, "Gari lenyewe halijaja, mwanangu. Tafuna."

Mkuu wangu wa kazi, Bwana Mchopa, ndiye aliyeleta habari. Aliingia asubuhi akafunga mlango, jambo ambalo hakulifanya hata siku za mishahara. "Mke wa Rais anakuja," akasema. "Atapita Masasi, halafu atapanda huku. Atatembelea kikundi cha ufinyanzi, atafungua bomba la maji kwenye uwanja wao, atapokea zawadi, atasikiliza risala, atatoa nasaha, atapumzika, ataondoka." Nikauliza bomba gani. Akaniangalia kama niliyemtukania mama yake. "Litakuwepo," akasema. Baada ya wiki mbili lilikuwepo kweli: bomba jipya linalong'aa, limejengewa saruji na kupakwa chokaa, na nyuma ya jengo la kikundi kulikuwa na tangi ambalo lori lingekuja kulijaza siku yenyewe. Kila mtu alilijua lile tangi. Hakuna aliyelitaja.

Kisha akaja bwana wa itifaki kutoka mkoani, mtu mwembamba aliyevaa viatu vyeupe ambavyo udongo wetu ulivigeuza rangi kabla ya saa sita. Alitaka mwanamke wa kusimama badala ya mgeni kwenye mazoezi, ili wapiga picha, wacheza ngoma na watoto wa maua wajue mgeni atakuwa wapi kila dakika. Alitupanga ukutani sisi wanawake wa ofisini, akatutazama kuanzia utosini mpaka kwenye visigino, akanyoosha kidole kwangu. "Huyu. Urefu ni ule ule." Basi kwa wiki tatu, kila siku saa tisa alasiri, nilikuwa mke wa Rais. Nilishuka kwenye gari la ofisi, nikapiga hatua kumi na nne juu ya majamvi yaliyotandikwa badala ya zulia, nikapokea maua ya majani ya mkorosho, nikapewa mkono na wazee. "Mama hachungulii!" alipiga kelele bwana wa itifaki. "Mama hakimbii! Mama hana haraka hata mvua ikimnyeshea! Zawadi unapokea kwa mikono miwili, unatabasamu, unampa aliye nyuma yako. Usigeuke kumtazama. Yupo." Sehemu ngumu ilikuwa bomba. Kwa kuwa tangi lilikuwa bado tupu, nilifungua bomba kavu, nikakinga viganja, nikavisugua kana kwamba navinawa, nikavikung'uta. Hapo wanawake walitakiwa kupiga vigelegele, nao walivipiga. Mara ya kwanza tulicheka wote mpaka machozi. Kufikia mara ya kumi hakuna aliyekuwa akicheka.

Nitasema kweli: nilipenda. Nilianza kutembea vile hata nikienda dukani. Jambo geni zaidi ni kwamba na watu walianza kuniamini. Mama mmoja, alipokuwa akinipa chungu cha mazoezi, aliking'ang'ania kidogo akaninong'oneza kwamba mwanawe alifaulu darasa la saba lakini jina lake halikuonekana kwenye orodha ya sekondari. Mwingine alinieleza habari za mume aliyemtelekeza akiwa na watoto watano. Nikawaambia, "Jamani, mimi ni Hilda, nachapa barua." Wakajibu, "Tunajua. Lakini si utakuwa karibu yake?" Ndipo nilipoanza kujiuliza huyo mwenyewe ni nani hasa. Hakuchaguliwa na mtu, hana ofisi, hana muhuri. Hawezi kuamuru hata ndoo ya dizeli. Kazi yake ni kufika na kuonekana, kisha kwenda zake, na bado watu walikuwa wakimwekea mambo ambayo hawajawahi kumwambia mwenye muhuri. Nilimweleza Mama Zuhura hivyo. Alikuwa akikanda udongo kwa maji machache mno, akitema mate viganjani kuokoa matone. "Mwenye muhuri tumeshamwambia," akasema. "Huyu ana sikio la mumewe, lile la ndani ya nyumba."

Risala tuliiandika sisi wawili kwenye kizingiti cha jikoni, yeye akisema, mimi nikiandika. Mwanzo wake ulikuwa kama wa risala zote, furaha isiyo kifani na shukrani za dhati. Mwisho wake aliufikiria kwa muda mrefu, kisha akasema polepole ili nisikose neno: "Mama, sisi maji tunayafuata bondeni. Anayetoka alfajiri hurudi jua likiwa utosini, na mwenye mimba hukaa njiani. Bomba hili tunaomba lisiwe la leo tu. Utusemee." Nikaichapa nakala tatu, nikaipeleka kwa Bwana Mchopa. Ukuta kati ya ofisi yangu na yake ulikuwa wa mbao nyembamba, nami nikasikia kila kitu. "Hii ya mwisho ondoa," alisema bwana wa itifaki. "Unamwalika mgeni afungue bomba, halafu unamwambia bomba ni la uongo?" Bwana Mchopa akasema kwa unyonge, "Lakini akina mama wenyewe ndio..." Mwenzake akamkata: "Akina mama watafurahi. Wape vitenge." Karatasi ikarudi mezani kwangu ikiwa na mstari wa wino juu ya maneno yale. Nikachapa upya. Jioni nilipompa Mama Zuhura nakala safi, aliisoma yote kwa sauti, akafika mwisho, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna kilichobaki. "Ni fupi," akasema. Nikamwambia wameondoa maji. Akaikunja karatasi, akaniuliza kama nitaongeza ming'oko.

Siku ile ilianza na lori. Lilijaza tangi kabla watu hawajakusanyika, na tone moja moja lililodondoka njiani liliacha mstari mweusi vumbini ambao kuku waliufuata wakidonoa. Msafara ulichelewa sana. Watoto wa shule walisimama juani mpaka wengine wakalazwa kivulini. Mgeni alipofika, nilikuwa nyuma ya jukwaa nimevaa kitenge cha sare, na miguu yangu ilikuwa ikihesabu kwa ajili yake: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo kuliko mimi, na alitembea vilevile nilivyofundishwa, isipokuwa alipofika kwenye bomba. Alifungua, maji yakaruka, vigelegele vikapasua anga, na yeye, badala ya kunawa tu, akayakinga akanywa. Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nilimwona bwana wa itifaki akifumba macho.

Mama Zuhura alisoma risala kwa sauti iliyotulia, kidole kikifuata mistari. Alimaliza neno la mwisho lililochapwa. Watu wakaanza kupiga makofi. Hapo akaikunja karatasi mara mbili, akaishika kifuani, akayasema maneno yote yaliyokatwa, kwa kichwa, pasipo kukosa hata moja: bondeni, alfajiri, jua la utosini, mwenye mimba, bomba la leo tu. "Utusemee." Makofi yalikatika. Mahali fulani mtoto alilia. Kisha kiongozi wa ngoma, sijui kwa kuogopa au kwa kuonyeshwa ishara, akapiga ngoma, na wachezaji wakaingia uwanjani kabla ya zamu yao. Mgeni alipanda jukwaani akasoma hotuba yake iliyochapwa, kuhusu akina mama kujitegemea na kutumia fursa za soko. Hakutamka neno maji. Nilimtazama Mama Zuhura kwenye kiti chake cha mbele. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Mimi nilipangiwa chumba cha mapumziko. Kilikuwa ofisi ya kikundi, tumeondoa vyungu tukaweka kochi la kuazima, kitambaa cha meza na birika la chai. Mgeni aliingia, akasema anaomba dakika chache. Msaidizi wake akatoka, pazia likaanguka, tukabaki wawili. Nikamwamkia kwa kupiga goti. "Marahaba, binti," akasema, akavua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba, alama za mikanda zimezama kwenye nyama. Aliitazama kama ya mtu mwingine. Nikammiminia chai. Hakuinywa. "Yule mama aliyesoma, unamfahamu?" Nikasema, "Nakaa kwake, Mama." Akauliza, "Yale aliyosema mwishoni, ni kweli?"

Kwa wiki tatu nilikuwa nimebebeshwa maneno ya watu kwa sababu nitakuwa karibu yake. Sasa nilikuwa karibu. Sikutishwa na mtu. Sauti za nje zilikuwa za ngoma tu, na kama kulikuwa na mtu nyuma ya pazia sikumwona. Nilichokiona ni fomu yangu ya chuo, stendi, na uso wa Bwana Mchopa. Nikasikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti laini ya mazoezi, "Bomba si limeshakuja, Mama. Alikuwa anazungumzia ya zamani." Akaniangalia. Sijaangaliwa vile tena maishani. Hakukuwa na ukali, alikuwa kama mtu aliyebisha hodi mahali akaambiwa wenyewe hawapo, naye anawasikia wanavyohema ndani. "Haya," akasema. Akainama akavaa viatu vyake mwenyewe kabla sijapata kumsaidia.

Bomba lilitoa maji mpaka kesho yake adhuhuri, likakauka. Wiki hiyo hiyo Mama Zuhura aliitwa ofisini. Kikao kilifanyika chumba cha pili, nami nikasikia kupitia mbao zile zile. Walimwuliza nani alimtuma. Akasema kiu. Walileta nakala yangu safi kuonyesha kwamba maneno yale hayakuwamo, kwamba ofisi haina kosa, kwamba aliyaongeza kwa utashi wake. Nakala yangu ilinisafisha mimi ikamchafua yeye. Akina mama wakaambiwa wachague mwenyekiti mwingine kama wanataka kikundi kiendelee kusaidiwa, nao wakachagua, huku wakilia. Siku chache baadaye Bwana Mchopa aliniita akafunga mlango. Alisema msaidizi wa mgeni amempigia simu kushukuru, na kwamba kuna binti aliyeeleza mambo vizuri. "Umetuokoa, Hilda. Fomu yako nimeipeleka kwa mkono wangu." Kabla ya mvua za kwanza barua ya chuo ilifika. Nilikuwa nimeingoja miaka miwili. Niliisoma mara moja, nikaitia mfukoni.

Mama Zuhura alifurahi kuliko mimi. Akaanza kunikaangia korosho za safari, akazitia chumvi, akazipanga kwenye mkebe. Mabibo ya mikorosho yalikuwa yameiva, harufu yake tamu imejaa uani, na yeye alikuwa akikamua maji yake kwenye bakuli akiniambia nikifika mjini nisile haraka. Sikuweza kuvumilia. Ilikuwa alasiri, saa ile ile ya mazoezi. Nikasema, "Mama Zuhura, aliniuliza." Akauliza nani. "Mgeni. Chumbani. Aliniuliza kama uliyosema ni kweli. Nikamwambia ulikuwa unazungumzia ya zamani."

Mikono yake iliacha kukamua. Maji ya bibo yalimchuruzika kwenye vidole. Kisha akasema, "Alikuuliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa maneno gani? Sema kama alivyosema."

Nikamwambia neno kwa neno. Akayarudia chini kwa chini, jinsi alivyokuwa akirudia maandishi ya kiberiti. Uso wake ulifunguka taratibu, na mimi niliyetegemea matusi niliona machozi, nayo hayakuwa ya uchungu. "Basi alisikia," akasema. "Miezi hii yote nilidhani sikusikika. Alivyosoma ile karatasi yake, nikasema, ama kweli nimesema na ukuta. Kumbe alisikia." Akajifuta kwa kanga. "Mtu hakuulizi jambo kama hilo kama hajajua, Hilida. Alikuwa anatafuta mwenzake."

Nilianza kusema nitaandika barua, nitaomba radhi, chuo nitakiacha. Akanizuia kwa mkono uliolowa. "Chuo utakwenda. Ukikiacha itanisaidia nini? Mimi bado nitateremka bondeni." Akainuka, akaufunika mkebe wa korosho, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Ila chumba nitampa mtu mwingine. Ukirudi likizo, utafute pa kufikia."

Mwaka uliofuata mashine ilitengenezwa. Wapo wanaosema ni maneno ya Mama Zuhura yaliyofika ndani ya nyumba, na wapo wanaosema kipuri kilikuwa njiani tangu zamani. Sijui, na hakuna wa kunithibitishia. Mimi nilisoma, nikaajiriwa Masasi, nikaolewa, nikachapa barua za wakubwa wengi mpaka nikastaafu. Kila mwaka nilipanda Newala kumsalimia. "Shikamoo, Mama Zuhura." "Marahaba, mwanangu, karibu." Aliniwekea kigoda barazani, akaniletea chakula, tukala pamoja, tukacheka, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina. Jua lilipozunguka upande ule tulisogeza vigoda tukifuata kivuli cha ukuta. Mlango ulikuwa wazi nyuma yetu. Hakuniambia niingie ndani hata siku moja, nami sikuomba.